Maitu, Pindo la Ziwa Limepatikana

Maitu wangu,

Imetoka! Naanza na habari yenyewe kwa sababu najua hungevumilia salamu. Mtu akikupigia simu akaanza kuuliza habari za mvua, za ng'ombe, za majirani, ulikuwa unamkatiza: "Nani amekufa? Sema mara moja." Basi hakuna aliyekufa. Ni rangi ya waridi imetoka, Maitu. Ile yenyewe, ya siku ya maharagwe. Iko hapa nje kwenye kamba inachuruzika maji, na mimi nimekaa mbele yake kwenye kigoda chako, karatasi nimeilaza juu ya tumbo, maana siku hizi tumbo ndilo meza yangu. Kila nikiandika mstari nainua macho kuhakikisha haijabadilika. Haijabadilika! Nimepiga vigelegele peke yangu hadi jirani akachungulia juu ya ua kuuliza kama kuna harusi.

Barua hii haina pa kupelekwa, kwa hivyo nimeamua isomwe na yeyote atakayeiona. Wasiokujua wajue tu kwamba Maitu ni "mama yangu" kwa Kikuyu. Njoroge, mume wangu, alikuita hivyo tangu alipojua kusema, na mimi, mtoto wa mtaa wa Kaptembwo mjini Nakuru niliyelelewa kwa Kiswahili kitupu, nikalidandia jina hilo likawa langu pia. Wajue vilevile kwamba kazi yangu ni kuchovya vitambaa rangi hapa nyumbani Lanet, pembeni mwa Nakuru, kwa mkono, kisha naviunganisha viraka kwa viraka mpaka viwe kwilti za kutundika, picha za kushonwa. Na kuna kwilti moja, picha ya kinachoonekana kutoka mlango wa jikoni kwako kule juu Dundori, ambayo imenishinda kumaliza tangu ulipotuacha. Ina shamba, ina mteremko, ina ziwa kule chini. Haina pindo. Pale ukingoni mwa ziwa ulipotaka waridi nimeacha pengo, na huu ni mwaka wa pili.

Pengo hilo lingeweza kungoja kama si huyu aliyemo tumboni. Ni msichana, Maitu. Siku zake ndizo hizi, wakati wowote kuanzia sasa. Na maana yake unaijua kuliko mimi: kwenu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na hapewi jina tu, anakuwa ndiye. Kwa hivyo anayekuja ni wewe. Nami niliapa kwamba hutarudi hapa ukute ziwa lako liko uchi.

Unakumbuka siku ya kwanza uliponikuta kazini? Ulikuwa umeshuka kutuletea viazi, mimi nikiwa sakafuni na makasi, nimezungukwa na marikani niliyoichovya kijani wiki nzima. Ulisimama mlangoni ukaniangalia kwa muda mrefu. Nilikuwa bibi arusi mpya.

"Ulinunua kitambaa kizima," ukasema.

"Ndiyo, Maitu."

"Ukapaka rangi."

"Ndiyo."

"Sasa unakata."

"Ndiyo."

"Ili ufanye nini?"

"Ili nikishone tena."

Ukageuka ukaita kwa sauti, "Njoroge! Huyu mke wako ako sawa?" Mimi nikajifanya sijasikia. Ukaingia, ukaketi, ukaivuta kwilti moja iliyokuwa imekwisha ukaipimapima mkononi kama mtu anayenunua gunia. Ukakubali kwamba ni nzito, imeshonwa vizuri, pamba iko ndani. Ukauliza ni nani atakayeilalia. Nikakwambia hakuna, ni ya kutundika ukutani. Weee! Siwezi kusahau uso wako.

"Kwani ukuta nao unasikia baridi?"

Nilicheka hadi pini zikanimwagika mdomoni. Na ndivyo nilivyokupenda, nataka ulijue hilo. Watu walikuwa wameniogopesha juu ya mama mkwe wa shambani, eti atanipima kwa jembe. Kumbe ulikuja kunipima kwa swali moja, na kwa miaka sikupata jibu lake.

Halafu macho yako yakaanza kuingia ukungu, daktari akataka uwe karibu na mjini, ukaja kukaa nasi. Ulishuka na kigoda chako, kikapu cha sindano, na mitungi ya manjano iliyojaa maji. Maji, Maitu! Njoroge alidhani ni maziwa, akaibeba kwa heshima zote, akafungua, akanusa, akakuangalia. "Ni ya mvua," ukamwambia. "Ya tangi langu. Mimi siwezi kunywa hii yenu ya kutoka chini." Ulikuwa na kesi na maji ya Nakuru tangu zamani. Ulisema hayaivishi maharagwe hata ukiyachochea mpaka Krismasi. Ulisema chai yake ina ladha ya msumari. Na ulisema, "Hii maji inapaka watoto meno rangi, na nyinyi bado mnaiweka kwa sufuria."

Hapo nikafunga mdomo haraka, maana meno yangu ndiyo hayo. Wewe macho yalikuwa mabovu lakini hilo halikukupita. "Cheka nione," ukaniambia. Nikakataa. "Cheka, mwana, mimi ni mama yako." Nikacheka kidogo, mkono karibu na mdomo kama nilivyozoea tangu shule ya msingi. Ukanitoa mkono ukasogeza uso wako karibu kabisa, ukayakagua yale madoa ya kahawia moja moja. "Aaa! Kumbe kitambaa cha kwanza kuchovywa ni wewe. Na hii rangi yako ni nzuri, haitoki." Tukacheka, wewe na mimi na Njoroge, hadi chai ikapoa. Tangu siku hiyo sijafunika mdomo nikicheka, hata kwa picha. Nafikiri hukujua ulichonipa, au pengine ulijua.

Sasa wacha nije kwenye maharagwe, kwa sababu leo nimeyaelewa upya.

Nilikuwa nimesikia kwamba kokwa za avokado hutoa rangi. Nikazikusanya kwa muuza sharubati, nikazikatakata vipande vidogo, nikaziinjika kwenye jiko hapo nje. Zikachemka na kuchemka, na kilichotoka kilikuwa rangi ya chai ya mtu aliyeishiwa majani. Nikakata tamaa, nikafunika sufuria, nikaiacha motoni, nikaenda dukani kutafuta uzi. Wewe ukapita na macho yako ya ukungu, ukafunua, ukaona vitu vya kahawia vimekauka chini ya sufuria, ukavigusa kwa mwiko ukasikia ni vigumu. Ni nini kingine kingekuwa ila maharagwe, kwa mwanamke aliyepika miaka yote hiyo? Niliporudi nilikukuta umekaa hapahapa nilipokaa, unakoroga, unanung'unika.

"Wewe msichana utachoma nyumba. Nimekuta yamekauka, nikaongeza maji, nikatia magadi. Lakini ni maharagwe gani haya yananuka mti?"

Nikachungulia. Sufuria ilikuwa nyekundu! Nyekundu ya divai, nyekundu ya damu, sijui niseme nini. Nikapiga ukelele, nawe ukaruka kutoka kwenye kigoda ukidhani nimeungua. "Nimeharibu? Sema, nimeharibu?" Nikachovya kipande cha marikani nyeupe, nikakiacha, nikakitoa, nikakisuuza, na hapo ndipo tulipoiona mara ya kwanza. Waridi. Si ile ya dukani inayopiga kelele. Waridi ya ufizi wa mtoto mchanga. Nilikuwekea mkononi, ukaisogeza hadi ikagusa pua.

"Hii naiona," ukasema.

Kisha ukaniambia habari ya ziwa. Kwamba ulipoolewa Dundori, asubuhi ya kwanza ulifungua mlango wa jikoni ukaona shamba linateremka, na mwisho wa kuteremka ukaona ziwa liko kule chini bondeni, na ukingoni mwake kuna utepe wa waridi, mwembamba, umelizunguka. Hukujua ni ndege. Ulidhani ziwa limeshonewa pindo. Ulikuwa mgeni, unamlilia mama yako kimyakimya, na ukajiambia kwamba mahali ambapo hata ziwa limevaa petikoti yenye pindo, mtu anaweza kukaa. Miaka ikapita, maji ya ziwa yakapanda, flamingo, ndio hao ndege, wengi wakahamia ziwa Bogoria, pindo likafifia likaisha. Na macho yako nayo yakafifia. "Nilifikiri ni macho tu," ukasema. "Njoroge akaniambia hapana, hata yeye haoni."

"Nitakushonea," nikakwambia. "Mlango wako wote, na pindo lake."

"Ya kutundika ukutani?"

"Ya kutundika ukutani."

"Haya. Maskini ukuta." Kisha ukauliza, "Na chakula iko wapi?" Maana kati ya kelele zote hizo hakukuwa na maharagwe nyumba ile. Tulikula mkate na chai ya maji yako.

Kile kitambaa cha kwanza nilitaka kukiweka kwa ajili ya ziwa. Wewe ukakidai kiwe kitambaa cha kichwa. Ningekunyima vipi, nawe ndiye uliyekipika? Jumapili ukakifunga ukaenda kanisani, ukarudi umejaa kiburi. Ulisema wenzako walikuuliza umekinunua duka gani. "Nikawaambia sijanunua, nimepika." Nikasema moyoni, haidhuru, waridi nitapata tele, si sasa najua siri ni magadi?

Tukaanza kwilti yako. Ninaposema tukaanza namaanisha sisi wawili, kwa sababu hukunipa nafasi. Mimi nilichora mistari ya shamba, ukaipitia kwa kidole ukaniambia mteremko wangu ni wa mtu aliyekulia kwenye lami: kiazi kingebingirika mpaka Lanet. Nikalegeza mistari. Udongo tuliupata kwa misumari yenye kutu iliyolowekwa kwenye siki, manjano kwa maganda ya vitunguu, kijani na buluu kwa rangi ya unga. Kwa maua ya viazi ukachukua kiazi chenyewe, ukakikata kati, ukachonga nyota yenye ncha tano kwa kisu cha mboga, bila kuona vizuri, kwa kugusa tu. Tukakigonga kwenye uji mzito wa ngano, tukagonga kitambaa, uji ukakauka, tukachovya zambarau. Uji ulipooshwa, shamba zima likachanua maua meupe. "Viazi inajichora yenyewe," ukasema, na ukataka kile kiazi cha kugongea kisitupwe, kipikwe.

Na kushona! Nilikupa sindano nyembamba ukairudisha. Ukatoa kikapuni shazia, ile sindano ya kushonea magunia, na mkono wako ukaanza kwenda kama ulivyokwenda miaka yote ya kuvuna: choma, vuta, kaza, choma. Mimi nilizoea kufundisha kwamba mishono ya kwilti iwe midogo, sawasawa, isionekane. Yako ilikuwa mikubwa, imelala upande, imekaza kama lumbesa, gunia lililojazwa kupita mdomo, inayongoja lori. Kwanza niliogopa. Halafu nikarudi nyuma hatua kadhaa, nikaona kwamba ile mishono imekuwa matuta ya shamba. Matuta yenyewe, yenye kivuli! Nikakuachia mteremko wote. Ukaumaliza jioni ya Jumamosi moja, na ukalala kwenye kochi na shazia bado imeshikwa.

Kuna jambo lingine la siku hizo ambalo sikuwahi kukushukuru kwa maneno. Wale wamama wa kanisani walikuwa wanakuja kukuona, na kila walipokuja walinitazama tumbo kabla ya kunitazama uso. Tulikuwa tumeoana miaka, hakuna mtoto. Mmoja, yule mwenye kicheko kirefu, akasema nikisikia, "Huyu anashona mablanketi kila siku, na wa kufunikwa yuko wapi?" Nilikuwa jikoni namimina chai. Chai ikamwagikia sinia.

Wewe hukupandisha sauti. Ukamuuliza, "Huyo msichana wa kwanza wa Njoroge ataitwa nani?"

"Si ataitwa wewe."

"Basi anayengojewa ni mimi. Na mimi sina haraka ya kuzaliwa. Mwacheni ashone."

Nilisimama jikoni nimeshika birika, machozi yananitoka na nacheka, vyote pamoja. Hakuna aliyeuliza tena mbele yako. Na hata baadaye, kila mwezi ulipopita na mimi nikakaa kimya chumbani, nilikuwa naisikia sauti hiyo. Sina haraka ya kuzaliwa. Maitu, ulinipa pumzi.

Kisha ukaondoka. Hukutusumbua, uliugua kidogo ukaenda, kama ulivyokuwa unamaliza simu. Walipokuvisha, Njoroge aliniletea kile kitambaa cha waridi mkononi, macho yake yakiniuliza. Kilikuwa kimoja tu duniani, na ziwa letu lilikuwa bado halina pindo. Nikasema aende nacho, amekipika mwenyewe. Tulikufunga kichwani vizuri, fundo pembeni kama ulivyopenda.

Nilipotulia nikainjika sufuria nimalize kazi yetu. Nikakata kokwa, nikatia maji, nikatia magadi. Nikapata kahawia. Nikaongeza magadi. Nikapata kijivu chenye kahawia ndani yake, rangi ya maji ya kuoshea miguu. Nikatumia kokwa za Subukia, za sokoni, kubwa, ndogo, mbichi, kavu. Nikabadilisha sufuria, nikabadilisha marikani. Nikajaribu magadi ya mawe na magadi ya unga. Kila mara nikifunua naona ile huzuni ya kijivu, nami namwaga chini ya ua, hadi majani ya hapo yakafa yote. Njoroge, maskini, siku moja akaniambia kwa upole, "Si ununue tu kitambaa cha waridi mjini?" Nilimwangalia hadi akasema anaenda kukama ng'ombe. Hatuna ng'ombe, Maitu.

Nikaanza kufikiri kwamba umeondoka na rangi yako, na huenda ndivyo inavyopaswa kuwa. Nikaikunja kwilti nikaiweka juu ya kabati. Halafu huyu akaja. Baada ya kuacha kuhesabu, baada ya kuacha hata kuwaza, akaja, na picha ya hospitali ikasema ni msichana, na nikaiteremsha kwilti siku hiyohiyo.

Na sasa sikiliza. Wanawake wengine wakiwa na mimba hutamani ndimu, hutamani udongo, hutamani yale mawe ya kutafuna. Mimi nikatamani maji. Si maji tu. Nilitamani chai ya maji ya mvua ya Dundori, kutoka kwenye lile tangi lako la plastiki nyuma ya jikoni. Nilijaribu kuvumilia, nikashindwa. Chai ya maji ya bomba, hayo yanayotoka kisimani, nilikuwa naitema, ladha ya msumari, nikasema hivyo kwa sauti, na Njoroge akainua kichwa. "Hayo ni maneno ya Maitu," akasema. Jana akapanda Dundori, akarudi na mtungi wa manjano, uleule wenye kifuniko kilichofungwa kwa karatasi ya nailoni. Nikapika chai. Nikanywa kikombe, nikanywa kingine, nikafumba macho. Nikamwambia, "Unaona? Maji ya Nakuru yanapaka hata chai rangi."

Nikakiweka kikombe chini.

Yanapaka rangi. Maji yanayopaka meno ya watoto yatashindwaje kuipaka sufuria yangu? Chai yake ina ladha ya msumari, na mimi udongo wa kwilti yangu niliutoa wapi kama si kwenye misumari? Chuma hupeleka rangi kwenye kijivu, najua, hiyo ndiyo kazi yangu! Na siku ile ya maharagwe uliniambia mwenyewe, kwa mdomo wako: nimekuta yamekauka, nikaongeza maji, nikatia magadi. Masikio yangu yalisikia magadi peke yake. Sikuuliza maji gani. Na wewe hungetia maji ya kisima kwenye maharagwe hata kwa kushikiwa panga! Ulikwenda kwenye mtungi wako. Kokwa zangu zilikuwa zimekauka kabisa, maji yote ya Lanet yameisha kwa moto, na yaliyobaki humo yalikuwa ya kwako.

Nilisimama ghafla hadi Njoroge akaenda kutafuta funguo za gari akidhani wakati umefika. Nikamwambia aketi, na asiguse tena hayo maji, chai imekwisha.

Asubuhi ya leo nimeinjika. Nilikata kokwa. Nikamimina maji ya mvua yako, kidogokidogo, kama mtu anayemimina asali. Nikatia magadi, nikafunika, nikakaa kwenye kigoda, na sikuthubutu kufunua. Nilisikia inachemka nikaimba nyimbo zote ninazozijua. Nikafunua. Maitu, ilikuwa nyekundu! Nyekundu ileile ya siku ile! Nilichovya kitambaa nikikulilia kwa furaha, nikikuita kwa sauti, nikakisuuza kwa yaleyale maji ya mtungi, nikakiinua juani, na jua la hapa likapita ndani yake. Waridi. Ufizi wa mtoto mchanga. Nimekigusisha pua kama ulivyofanya wewe. Na mimi naiona.

Ndipo likanijia jambo ambalo limenifanya nicheke hadi nikashika ukuta. Ni nani aliyetamani maji yale? Mimi niliyekunywa maji ya kisima tangu kuzaliwa, meno yangu shahidi? Ni wewe! Hata kuzaliwa hujazaliwa na umeshaanza kukataa maji ya Nakuru! Umekaa humo ndani, umeona mke wa mwanao anahangaika na sufuria, umechoka kumwangalia, ukamtuma mwanao Dundori akalete mtungi. Nikizungumza hivi Njoroge anasema ni furaha imenizidi. Lakini nimemwona akiligusa tumbo na kulisalimia kwa Kikuyu, polepole, kwa ile sauti aliyokuwa akikusalimia nayo wewe. Alisema, "Maitu," kisha akatoka nje haraka kutazama kitambaa, ambacho alikuwa ameshakitazama.

Yeye yuko sebuleni sasa na nyundo na msumari, anapima pa kuitundika. Nimemwambia airudishe nyundo. Nimelipata jibu la swali lako, Maitu, ilibidi niwe na tumbo hili ndipo nilipate. Ukuta hausikii baridi. Kwilti hii haitaenda ukutani. Ni wewe utakayelala juu yake, kwenye matuta uliyoyakaza mwenyewe kwa shazia, na maua ya kiazi yamekuzunguka. Utafungua macho mapya yasiyo na ukungu, na kitu cha kwanza utakachokiona kitakuwa mlango wako, na shamba, na ziwa lenye pindo lake. Hutahitaji kulia ukimtafuta mama. Nitakuwa hapo nimeinama.

Lakini sasa nami nikuulize swali. Uliwaambia wale wamama kwamba huna haraka ya kuzaliwa. Mbona basi tangu niketi hapa tumbo linakaza na kuachia, linakaza na kuachia? Mwanzoni nilidhani ni kucheka. Si kucheka. Mstari huu nimeuandika kwa vituo viwili. Njoroge bado sijamwambia, maana nikimwambia atanibeba na kigoda.

Tulia kidogo, mwana. Kitambaa kinakaribia kukauka, shazia yako nimeshaitunga uzi, na pengo lenyewe si refu. Nishone hili pindo. Ukifika, cheka nione.

Mimi mkaza mwanao, ambaye safari hii utamwita mama.